Ahadi ni Deni: Rekodi za Usiku wa Kwanza katika Tamthilia za Polisi na Mahakama

Tamthilia ya mapenzi ikirudi hewani baada ya miezi sita, mtazamaji hukaa akijikumbusha nani alimwacha nani. Tamthilia ya upelelezi au ya mahakamani ikirudi, hukaa akidai. Aliachiwa maiti isiyo na muuaji, au mshtakiwa aliye kizimbani akingoja hukumu, au kachero mpendwa aliyelala sakafuni akivuja damu, kisha akaambiwa tuonane msimu ujao. Ndiyo maana rekodi za vipindi vya ufunguzi, ambazo wengi huziandika kama hesabu ya vichwa tu, mimi huzisoma kama daftari la madeni: nani aliahidi nini, nani alilipa, nani alikwepa, na watu walifanya nini walipojua.

Umati

Deni lililokusanya watu wengi zaidi lilikuwa la risasi mbili. Dallas ilikuwa hadithi ya familia ya matajiri wa mafuta huko Texas, wala haikuanza kama tamthilia ya polisi. Lakini tarehe 21 Machi 1980 msimu wake ulifungwa J.R. Ewing akipigwa risasi ofisini usiku, na tangu hapo ikawa kesi ya jinai ambayo kila Mmarekani alijifanya mpelelezi wake. Mgomo wa waigizaji ukachelewesha marejeo. Nchini Uingereza kampuni za kamari zilipokea dau juu ya jina la mhalifu. Waongozaji nao waliwarekodi waigizaji kadhaa wakifyatua bastola, ili hata mafundi wa studio wasijue ni yupi wa kweli. Msimu mpya ulifunguliwa tarehe 7 Novemba, lakini jina lilifichwa hadi tarehe 21, sehemu ya nne. Usiku huo watu wapatao milioni 83 walitazama. Kati ya kila runinga 100 zilizokuwa zimewashwa Marekani, 76 zilikuwa hapo. Aliyefyatua ni Kristin, shemeji yake J.R.

Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha runinga. Zanzibar walikuwa na runinga ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara ilingoja hadi 1994. Kwa wengi wetu, tamthilia kama hizi zilikuja kwa mkanda wa video, msimu mzima kwa mpigo, na hilo lilitunyima kitu kimoja ambacho Wamarekani walikuwa nacho kwa wingi mwaka ule: miezi ya kubishana.

Ujerumani Magharibi ilikuwa na rekodi yake kabla ya hapo. Tatort, tamthilia ya upelelezi iliyoanza tarehe 29 Novemba 1970 na bado inarushwa Jumapili saa mbili na robo usiku, ilifungua mwaka 1978 kwa sehemu iliyotazamwa na zaidi ya watu milioni 26 katika nchi ya watu milioni 61 hivi. Hupumzika wakati wa kiangazi, na inaporudi, baa za miji mikubwa huweka viti mbele ya skrini kama wafanyavyo wenzetu kwa mechi ya watani wa jadi. Wateja hukaa kimya. Anayezungumza wakati mpelelezi anahoji hutazamwa vibaya.

Italia iliweka yake tarehe 12 Februari 2018. Kamishna Montalbano, mhusika aliyebuniwa na Andrea Camilleri wa Sicily na kuigizwa na Luca Zingaretti, alirudi na kipindi kipya kilichotazamwa na zaidi ya watu milioni 11, karibu nusu ya wote waliokuwa mbele ya runinga nchini humo. Nalipenda hili kuliko rekodi nyingine za umati kwa sababu Montalbano haachi deni lolote. Kila hadithi hufungwa usiku uleule. Watu walimrudia kwa mapenzi tu, baada ya karibu miaka 20.

CSI, ya wapelelezi wa Las Vegas, nayo ilizidi watazamaji milioni 30 ilipofungua msimu wake wa tano Septemba 2004, kisha tarehe 4 Machi 2015 ikaingia katika kitabu cha Guinness kwa sehemu moja kurushwa siku moja katika nchi na maeneo 171. Ni hesabu kubwa, ila sijakutana na mtu anayekumbuka alikuwa wapi siku hiyo.

Waliokasirika na kuondoka

Twin Peaks ilianza tarehe 8 Aprili 1990 kwa watu wapatao milioni 34, wote wakiuliza nani alimuua Laura Palmer. Msimu wa kwanza ukaisha bila jibu, na juu ya hapo mpelelezi mwenyewe, Dale Cooper, akapigwa risasi mlangoni pa chumba chake cha hoteli. Tarehe 30 Septemba waliorudi walikuwa milioni 19 hivi. Walichokikuta ni Cooper amelala sakafuni na mhudumu mzee sana aliyemletea maziwa ya moto, akienda taratibu, akiondoka, akirudi, huku damu ikitoka. David Lynch aliongoza tukio hilo kwa makusudi, na leo wapenzi wa sinema hulitaja kwa heshima. Wenye kudai usiku ule hawakulipokea hivyo. Nadhani wote wawili walikuwa na haki. Tukio ni zuri kweli, na kweli pia kwamba lilimjibu mtu mwenye swali kwa kumwonyesha kitu kingine kabisa.

Miaka 21 baadaye kituo cha AMC kilirudia kosa hilo bila uzuri wake. The Killing, iliyotokana na tamthilia ya Denmark, ilifunga msimu wake wa kwanza Juni 2011 bila kumtaja aliyemuua msichana Rosie Larsen, ingawa matangazo yote yalikuwa yamejengwa juu ya swali hilo. Wahakiki waliandika kwa ghadhabu ambayo sijaiona mara nyingi katika uandishi wa burudani. Aprili 2012 ilipofungua msimu wa pili, watazamaji milioni 2.7 wa siku ya kwanza kabisa walikuwa wameshuka hadi milioni 1.8. Jibu lilitolewa hatimaye, likapokelewa na waliobaki.

Hoja iliyobishaniwa muda mrefu kuliko zote

Tarehe 15 Januari 2012 Sherlock Holmes wa Benedict Cumberbatch aliruka kutoka paa la hospitali ya St Bartholomew's jijini London, akafa mbele ya rafiki yake Watson, akazikwa, na katika dakika ya mwisho tukamwona amesimama makaburini mzima. Kisha kimya cha karibu miaka miwili.

Hakuna wakati mwingine ninaoujua ambapo watazamaji walifanya kazi kiasi hicho. Walisimamisha picha moja moja. Walipima umbali wa paa, wakachunguza lori lililopita, mwendesha baiskeli aliyemgonga Watson, hata mpira mdogo aliokuwa akiuchezea Sherlock maabara, kwa kuwa mpira ukibanwa kwapani mapigo ya mkono hupotea. Nchini China, ambako Sherlock na Watson walikuwa wamepewa majina ya utani ya mapenzi, Waziri Mkuu wa Uingereza David Cameron alipofungua ukurasa kwenye mtandao wa Weibo alikuta watu wakimwomba aharakishe msimu mpya. Ilimbidi ajibu kwamba hana uwezo wa kuwaamuru watengenezaji. Mwishoni mwa Novemba 2013 BBC ilizungusha mitaani London gari la maiti lisilo na jeneza, maua yake yakiwa yamepangwa kuonyesha tarehe: 01 01 14.

Usiku huo wa mwaka mpya zaidi ya milioni 9 walitazama, na wakafika zaidi ya milioni 12 walipohesabiwa waliorekodi. Watunzi walifanya jambo la ujasiri. Waliingiza kundi la wabishani lilelile ndani ya hadithi, wakaonyesha majibu matatu tofauti ya namna alivyonusurika, na la tatu, lililotoka kinywani mwa Sherlock mwenyewe, likakataliwa na yule aliyesimuliwa. Mitandao iligawanyika usiku huohuo. Wapo waliofurahi kuona ubishi wao umepewa nafasi mezani. Wapo waliohisi wametapeliwa, kwamba baada ya miaka miwili ya kusubiri waliletewa majibu matatu ili wasipewe hata moja.

Mimi nilikuwa na bado niko upande wa waliofurahi. Arthur Conan Doyle alipomuua Holmes katika jarida la The Strand Desemba 1893, wasomaji wapatao 20,000 walisitisha kulinunua, na mwandishi alimfufua mwaka 1903 kwa maelezo ya haraka haraka kuhusu mieleka na maporomoko ya maji. Hakuna aliyejali maelezo hayo wakati huo, na hakuna anayeyajali sasa. Walichotaka ni mtu wao arudi, na uso wa Watson atakapomwona. Kipindi cha 2014 kinalijua hilo, na mkutano wa marafiki hao wawili mgahawani, Watson akimrukia Sherlock kooni kwa hasira ya mtu aliyeomboleza bure, ndio malipo yenyewe.

Stelingi hafi?

Kila aliyekulia vibandaumiza anajua sheria: stelingi hafi. Mwingereza Jed Mercurio, mtunzi wa Line of Duty, ameivunja zaidi ya mtunzi yeyote ninayemfahamu, na huivunja siku ya kwanza. Tamthilia hii inahusu polisi wanaochunguza polisi wenzao. Februari 2014, msimu wa pili, matangazo yalimpa nafasi kubwa Jessica Raine, mwigizaji ambaye Uingereza nzima ilimpenda wakati huo. Kabla ya saa moja kuisha alikuwa ametupwa dirishani hospitalini. Machi 2016 zamu ikawa ya Daniel Mays. Tuliwekwa nyuma yake kipindi kizima, tukaamini huyu ndiye tutakayekaa naye msimu wote, kisha mwishoni akapigwa risasi na mmoja wa askari wake mwenyewe.

Ustadi huu ulijenga umati polepole. Tamthilia iliyoanza 2012 kwenye idhaa ndogo ya BBC ilifungua msimu wa sita tarehe 21 Machi 2021 kwa watu milioni 9.6, na malalamiko makubwa usiku huo yalikuwa ya namna ya pekee: vifupisho. Askari walirushiana herufi za kipolisi kwa kasi kiasi kwamba maelfu ya watu walikuwa mitandaoni wakiulizana CHIS ni kitu gani. (Ni mtoa habari wa siri.) Waliuliza, wakajibiwa na watazamaji wenzao, wakaendelea kutazama. Wiki sita baadaye milioni 12.8 walikuwepo kwenye sehemu ya mwisho, na jina la kigogo waliyemwinda kwa miaka lilipotajwa, wengi walivunjika moyo. Hilo ni daftari la siku nyingine.

Mawakili walipogeuka wahakiki

Broadchurch ilifungwa Aprili 2013 kwa ungamo. Muuaji wa mtoto Danny alikuwa Joe, mume wa mpelelezi mwenyewe, na alikiri. Tarehe 5 Januari 2015 msimu wa pili ukafunguliwa, Joe akasimamishwa mbele ya jaji, akaulizwa, akakana shitaka. Mama wa marehemu, mpelelezi, mji mzima, na mamilioni majumbani walipigwa na butwaa kwa pamoja. Naliona kuwa ndilo tukio bora kabisa la kufungua msimu katika tamthilia za mahakamani, kwa sababu halikuhitaji bunduki wala gari. Ni maneno mawili ambayo kila mshtakiwa ana haki ya kuyatamka.

Halafu mawakili wakaingia mitandaoni. Waliona mashahidi wameketi ndani ya chumba cha mahakama wakisikiliza ushahidi wa wenzao kabla ya zamu yao kufika, jambo ambalo jaji wa Uingereza hawezi kuliruhusu. Hata katika mahakama zetu za Nairobi na Dar es Salaam, zilizorithi utaratibu huo, shahidi hungoja nje hadi aitwe, asije akapanga maneno yake kufuata ya mwenzake. Kuna waliosema hiyo ni hadithi tu, waachwe wafurahi. Mimi naona mawakili walikuwa sahihi kukasirika. Tamthilia ya mahakamani inamwomba mtazamaji aamini kwamba haki inaweza kupatikana au kupotea kwa utaratibu. Ukichezea utaratibu, hofu ya mama yule aliyekaa akingoja uamuzi wa juri inakosa mahali pa kusimama. Wakenya waliokua na Vioja Mahakamani kwenye runinga ya taifa wanalijua hili bila kufundishwa. Yale yalikuwa vichekesho, lakini hakimu, kizimba na kiapo vilikaa mahali pake, na kicheko kilitokana na hapo.

Siku nne

Muda mfupi zaidi kati ya heshima na mtihani ni wa Viola Davis. How to Get Away with Murder ilianza Septemba 2014 kwa watu milioni 14 hivi, Davis akiwa Annalise Keating, wakili na mhadhiri wa sheria ya jinai. Wiki chache baadaye Annalise aliketi mbele ya kioo, akavua wigi, akabandua kope, akafuta poda, akabaki na uso na nywele zake. Davis mwenyewe ndiye aliyetaka tukio hilo liwemo. Wanawake weusi waliliandika kwa namna inayonigusa hadi leo, kwa kuwa wengi hawakuwahi kuona kwenye skrini kubwa kama hiyo kitu wanachokifanya kila usiku.

Tarehe 20 Septemba 2015 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Emmy ya mwigizaji mkuu wa kike katika tamthilia. Tarehe 24 msimu wa pili ukafunguliwa. Watazamaji walitarajia mshindi wao apumzike kidogo; badala yake wakamkuta Annalise akimlilia Eve, wakili aliyewahi kuwa mpenzi wake tangu masomoni, na kipindi kikaisha kwa kuruka mbele miezi miwili, Annalise akiwa amelala sakafuni na jeraha la risasi. Mitandao haikulala.

Aliyeanza chini kuliko wote

Japani ina rekodi ya uthabiti: HERO, ya mwaka 2001, kuhusu mwendesha mashtaka asiyemaliza sekondari na asiyevaa suti, ilipata zaidi ya asilimia 30 ya watazamaji katika kila moja ya sehemu zake 11. Iliporudi Julai 2014 ilifungua kwa asilimia 26.5, bado idadi ambayo wenzake waliitamani.

Lakini moyo wangu uko Korea Kusini. Extraordinary Attorney Woo ilifunguliwa tarehe 29 Juni 2022 kwenye idhaa ya ENA, ambayo Wakorea wengi hawakujua namba yake kwenye kisimbuzi, ikapata asilimia 0.9. Sehemu ya mwisho, tarehe 18 Agosti, ilipata 17.5. Katika wiki saba tu! Woo Young-woo ni wakili mchanga mwenye usonji, anayezikariri sheria zote na kuwaza nyangumi. Hapakuwa na maiti ya kushtua usiku wa kwanza. Palikuwa na mtu anayehangaika kupita mlango unaozunguka kabla ya kuingia kazini. Waliotazama waliwaambia wengine. Ubishi nao ulikuwa wa maana: wazazi wa watoto wenye usonji waligawanyika, baadhi wakishukuru kwamba mtoto wao ameonekana, wengine wakisema kipaji kile cha ajabu kinawafanya watu wawadai watoto wao miujiza. Pande zote mbili zinastahili kusikilizwa. Na mti mmoja mkubwa wa miaka 500 hivi mjini Changwon, uliotumika katika kesi ya kijiji kilichotaka kukwepesha barabara, ulijaa wageni na kisha ukapewa hadhi ya urithi wa asili wa taifa mwaka huohuo.

Waliongoja

Law & Order: SVU ilipofungua msimu wa 21 tarehe 26 Septemba 2019 iliipita Gunsmoke na mama yake Law & Order, zilizokuwa zimesimama kwenye misimu 20, na kuwa tamthilia ya waigizaji halisi iliyodumu kwa misimu mingi kuliko zote katika muda mkuu wa jioni nchini Marekani. Wapenzi wake wana rekodi nyingine wanayoijali zaidi. Msimu wa 13 ulipofunguliwa Septemba 2011, Olivia Benson aliambiwa kwamba mwenzake wa miaka 12, Elliot Stabler, amestaafu, hakumuaga. Alilia peke yake, na kazi ikaendelea. Stabler alirudi tarehe 1 Aprili 2021. Miaka kumi kasoro.

Wahindi waliingoja CID kwa miaka sita, kuanzia ilipokoma 2018 ikiwa na sehemu 1,547 hadi iliporudi tarehe 21 Desemba 2024, na inspekta Daya akaendelea kuvunja milango. Mwaka 2004 watengenezaji wake walikuwa tayari wamerusha sehemu ya dakika 111 iliyopigwa bila kukata kamera hata mara moja.

Kwetu, ufunguzi mkubwa ulikuwa Februari 2021, Crime and Justice, tamthilia ya kwanza ya Showmax iliyotengenezwa Kenya. Makena wa Sarah Hassan na Silas wa Alfred Munyua wanakamata, kisha kesi inasikilizwa, vyote ndani ya kipindi kimoja, kwa visa vilivyotokana na vichwa vya habari vya Nairobi. Kuna tofauti kubwa kati ya kumwona mpelelezi wa Las Vegas na kumwona anayezungumza Sheng na mtuhumiwa. Natamani ingekuwa na misimu 20.

Umati bila usiku wa kwanza

Better Call Saul ilifunguliwa tarehe 8 Februari 2015 kwa watu milioni 6.9, rekodi kwa tamthilia mpya ya kebo wakati huo. Ikaisha na rekodi ya huzuni: ilipendekezwa kuwania Emmy mara 53, haikushinda hata moja. Kwa upande wangu ndiyo tamthilia bora ya wakili iliyowahi kutengenezwa.

Suits haikuwahi kukaribia namba hizo ilipokuwa hai, kati ya 2011 na 2019. Ilikuwa imekwisha miaka minne ilipowekwa Netflix nchini Marekani, katikati ya 2023. Mwaka huo Wamarekani waliitazama kwa dakika bilioni 57.7, kuliko kipindi chochote kilichowahi kupimwa na kampuni ya Nielsen katika mwaka mmoja wa utiririshaji. Hakuna aliyengoja Jumatano wala msimu ujao. Mdai alijilipa mwenyewe usiku uleule kwa kubonyeza sehemu inayofuata. NBC iliuona umati huo ikaamini utakuja ukiitwa. Tarehe 23 Februari 2025 ilifungua Suits LA, na mawakili wapya, mji mpya, hata Harvey Specter, wakili wa Suits yenyewe, akapita katika vipindi vichache. Mei mwaka huohuo ikafutwa.